Mbaraka Mwinshehe Baada ya Morogoro Jazz: Mtunzi, Bendi na Jina, 1973–1979

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahusu miaka sita ya mwisho ya maisha ya Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa la solo, tangu alipoiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 hadi alipofariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa mwezi Januari 1979. Maisha yake ya kabla ya hapo yatagusiwa kwa kadiri yanavyosaidia kuieleza miaka hiyo sita. Sababu ya kuibana mada kiasi hiki ni kwamba wengi waliokwisha kumzungumzia msanii huyu humtazama kama mtu mmoja asiyebadilika, mwenye gitaa moja na sauti moja, kana kwamba kuhama kwake bendi hakukuwa na uzito wowote. Mwandishi wa makala haya anaona kinyume chake. Kuhama kule ndiko kulikomgeuza Mbaraka kutoka kuwa sauti ya bendi ya mji fulani na kuwa jina linalojitegemea, na gharama yake ilikuwa kubwa.

Swali linalotuongoza ni hili: mtunzi wa nyimbo za dansi anapoondoka katika bendi iliyomlea, anaondoka na nini? Je, nyimbo alizozitunga huko ni zake au ni za bendi? Na wasikilizaji wanamfuata yeye, au wanabaki na jina walilolizoea? Maswali haya si ya muziki peke yake. Yanaihusu fasihi simulizi kwa jumla, maana nadharia zetu nyingi zimejengwa juu ya dhana kwamba kazi ya fasihi simulizi ni mali ya jamii. Mtunzi wa dansi anasimama mahali ambapo dhana hiyo inatetereka, kwa kuwa jina lake linatajwa redioni, linachapwa kwenye santuri, na mara nyingine hata yeye mwenyewe hulitaja ndani ya wimbo.

2.0 Mtu na bendi vya umri mmoja

Mbaraka alizaliwa mwezi Juni 1944 huko Mzenga, wilaya ya Kisarawe. Mwaka huo huo ndio ulioanzishwa Morogoro Jazz, miongoni mwa bendi za kale kabisa za Tanganyika. Ni jambo la bahati tu, lakini lina faida kwa anayeisimulia habari hii: mtu na bendi walikuwa rika moja, na walipoachana kila mmoja alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Morogoro ya miaka ya 1950 na 1960 haikuwa mji mkubwa, lakini ilikuwa mji wa njia panda. Reli ya kati ilipita hapo, barabara za Dodoma na Iringa zilikutana hapo, na mashamba ya mkonge yaliyouzunguka yalikusanya vibarua wa makabila mengi ambao lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Watu wa namna hiyo wanapopokea mshahara mwisho wa mwezi huhitaji mahali pa kuutumia, na dansi ilikuwa mojawapo. Ndipo Salum Abdallah alipoijenga Cuban Marimba, bendi iliyoyageuza midundo ya Kuba kuwa ya Kiswahili kabisa. Ushindani kati ya Cuban Marimba na Morogoro Jazz uliufanya mji huo mdogo uheshimiwe hata na bendi za Dar es Salaam. Salum Abdallah alifariki mwezi Novemba 1965, naye pia kwa ajali ya gari, na Cuban Marimba ikaendelea chini ya Juma Kilaza.

Mwaka huo wa 1965 ndio Mbaraka alipoingia Morogoro Jazz, akiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja. Ndio pia mwaka ambao shirika la utangazaji la wakati huo lilivunjwa na kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, chombo cha serikali moja kwa moja. Matukio haya matatu, yaani kifo cha mkubwa wa upande wa pili, kuingia kwa kijana upande huu, na redio kuwa mkononi mwa dola, hayakupangwa na mtu yeyote. Lakini yalipokutana yaliacha nafasi wazi, na Mbaraka ndiye aliyeijaza.

Hatuhitaji kukaa sana katika miaka minane aliyokuwa Morogoro Jazz, kwa kuwa ndiyo inayofahamika zaidi. Chini ya mtindo wa Likembe bendi hiyo ilirekodi nyimbo ambazo hadi leo hupigwa, zikiwemo Masimango na Expo 70. Huo wa mwisho ulitokana na safari ya Osaka, Japani, mwaka 1970, bendi ilipokwenda kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya kimataifa. Kupewa kazi ya kuiwakilisha nchi ni heshima, lakini pia ni mzigo. Mwezi Novemba 1969 mkuu wa mkoa wa Pwani alikuwa amepiga marufuku muziki wa soul, na mjadala juu ya utamaduni wa taifa ulikuwa umepamba moto. Bendi za gitaa, ambazo zenyewe zilikuwa zimejaa athari za Kongo na Kuba, zilijikuta upande wa wanaosifiwa kwa sababu ziliimba Kiswahili. Mkosoaji mkali angeweza kuuliza ni wapi hasa mpaka kati ya ugeni unaokubalika na ugeni unaokataliwa. Wakati ule swali hilo halikuulizwa kwa sauti kubwa.

Wimbo mmoja wa kipindi hicho unastahili kutajwa peke yake, nao ni ule wa kumwombolezea Dakta Wilbert Klerruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, aliyeuawa kwa kupigwa risasi tarehe 25 Desemba 1971 na mkulima Saidi Mwamwindi wa Isimani. Tukio hilo liligusa kiini cha siasa ya ujamaa vijijini, na mtunzi hakuweza kulitamka bila kuchukua upande. Mbaraka alichukua upande wa msiba. Kwa utaratibu ule ule wa utenzi wa rambirambi, alimtaja marehemu na cheo chake na kuligeuza taifa zima kuwa wafiwa. Kwa maoni yetu hapo ndipo alipoonyesha kwamba bendi ya dansi inaweza kufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na malenga wa mji. Ni vyema tulikumbuke hili, kwa sababu katika miaka ya Super Volcano sauti hiyo ya kitaifa ilipungua, na sauti ya mtu binafsi mwenye taabu zake ikaongezeka.

3.0 Kuondoka

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka na kuunda Orchestra Super Volcano. Minong'ono juu ya chanzo cha kuachana haikukosekana, kama ilivyo desturi kila mwimbaji mashuhuri anapohama. Makala haya hayaijengi hoja yake juu ya minong'ono. Linaloweza kuchunguzwa kwa uhakika zaidi ni mazingira ambayo kuondoka kulifanyika.

Katika nchi za Magharibi, mwanamuziki wa roki anapoachana na kundi lake huwa na njia iliyokwisha kulimwa. Tangu Beatles walipovunjika mwaka 1970, kila mmoja wa wale wanne alitoa santuri kwa jina lake mwenyewe. Kampuni ilikuwapo, studio ilikuwapo, wapigaji wa kukodi walikuwapo, na sheria ya hakimiliki ilimhakikishia mtunzi sehemu yake ya mapato. Mtu aliweza kweli kuwa peke yake. Tanzania ya 1973 haikuwa na njia hiyo. Hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Radio Tanzania ilirekodi nyimbo kwa ajili ya kutangaza, si kwa ajili ya kuuza, na kutangazwa hakukumwingizia mtunzi fedha ya kumwezesha kuishi. Sheria ya hakimiliki ya 1966 ilikuwapo katika vitabu, lakini utekelezaji wake haukuwafikia watu wa dansi. Mapato ya kweli yalitoka mlangoni, yaani kiingilio cha watu waliokuja kucheza usiku ule. Na ili watu wacheze, panahitajika bendi nzima: gitaa la solo, la pili, la rithim na la besi, tumba, ngoma na wapuliza saksafoni. Kwa hiyo mtu aliyetaka kujitegemea hapa kwetu alilazimika kuacha bendi ili aunde bendi. Mtu peke yake mwenye gitaa lake mbele ya kipaza sauti hakuwa na ukumbi wa kumpokea.

Hapo ndipo suala la vyombo linapoingia. Gitaa za umeme, spika na vikuza sauti vilitoka nje na vilihitaji fedha za kigeni, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 biashara ya kuagiza bidhaa ilikuwa imewekwa kwa sehemu kubwa chini ya mashirika ya umma. Mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi, na wapigaji walikuja na kuondoka. Hii ndiyo sababu katika muongo ule bendi nyingi zilikuwa za jumuiya, majeshi na mashirika: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Polisi Jazz, Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwanamuziki katika bendi za namna hiyo alipata mshahara na uhakika wa kesho, na kwa kubadilishana na hayo alikubali kwamba akiondoka huacha vyombo, jina na mtindo.

Mbaraka hakukimbilia shirika lolote. Bendi aliyoiunda ilikuwa yake. Hakuwa na mshahara wa kumsubiri mwisho wa mwezi, wala kiwanda cha kumlipia mafuta ya gari. Uamuzi huu ndio unaomtofautisha na wengi wa wenzake, na ndio unaoeleza kwa nini miaka iliyofuata ilimpeleka mbali na Morogoro.

Jina nalo lina maana yake. Jina la Morogoro Jazz lilikuwa la mahali, na kila mwanabendi alijificha nyuma ya mji. Volkano si mahali ambapo mtu anaweza kutoka. Mtindo mpya uliitwa Masika Zole, na neno masika kwa msikilizaji wa Kiswahili halihitaji ufafanuzi: ni mvua kubwa, ni wakati wa kupanda, na pia ni wakati wa njia kukatika. Hatudai kwamba mtunzi aliyakusudia yote hayo. Lakini mtindo katika muziki wa dansi ulikuwa kama ukoo. NUTA walikuwa na Msondo, Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz walikuwa na Segere Matata. Kujichagulia mtindo kulikuwa ni kutangaza kwamba sasa kuna ukoo mpya, na mkuu wake anafahamika kwa jina. Wapenzi walikuwa wamekwisha kumpa lakabu ya Soloist National, na lakabu hiyo ilikuwa yake, haikuwa ya bendi. Hicho ndicho kitu pekee alichoweza kuondoka nacho bila mtu kumdai.

4.0 Gitaa na usemi

Wimbo wa dansi wa wakati ule uligawanyika sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya taratibu, ndiyo iliyobeba maneno. Ya pili ilikuwa chemko, ambapo maneno hupungua, magitaa hupanda na wachezaji huachiwa uwanja. Santuri ndogo za wakati ule ziliukata wimbo papo hapo kwenye kiungo hiki: upande wa kwanza sehemu ya kwanza, upande wa pili sehemu ya pili. Msikilizaji mwenye haraka aliweza kugeuza santuri na kusikiliza chemko tupu.

Katika nyimbo za Mbaraka, hasa za Super Volcano, mgawanyo huu hauko wazi kiasi hicho. Gitaa lake linaanza kusema mapema, likijibu kila mstari unapokwisha kuimbwa, na mara nyingine likirudia mwenendo wa sauti kana kwamba linamsahihisha mwimbaji. Mwimbaji na gitaa walikuwa mtu mmoja, hivyo majibizano yale ni ya mtu na nafsi yake. Mafundi wa gitaa wa Kongo, ambao bendi zote za Afrika Mashariki ziliwasikiliza, waliupa chemko ufundi wa hali ya juu. Alilolifanya Mbaraka ni kuurudisha ufundi huo katika sehemu ya maneno, mahali ambapo Mswahili hukaa kusikiliza hoja. Ninaamini kwamba jambo hili ni mchango wake mkubwa kuliko idadi ya nyimbo alizotunga, ingawa idadi ndiyo inayosifiwa zaidi.

Upande wa lugha, jambo la kwanza linalomshangaza mhakiki aliyezoea taarab ni uchache wa mafumbo. Mshairi wa mwambao hufumba, na utamu wa wimbo umo katika kufumbua. Mbaraka husema. Majina ya nyimbo zake yenyewe ni ushahidi: Shida, Pole Dada, Matusi ya Nini, Ukewenza. Haya ni maneno ya uani na ya barazani, yanayoeleweka na mtu ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu. Anapochukua methali, huichukua inayojulikana na kila mtu, kama katika Jogoo la Shamba, na kumwachia msikilizaji amalizie mwenyewe habari za kuwika mjini. Wapo watakaouona huu kuwa umaskini wa lugha. Lakini yafaa tukumbuke kwamba unyofu nao ni mbinu. Anayefumba huhitaji hadhira inayomjua, nayo hukaa naye mji mmoja. Anayeimbia nchi nzima kupitia redio hana hadhira hiyo, na akifumba atabaki anaongea na watu wa mtaa wake.

5.0 Kusikika mbali na Morogoro

Ili hoja hii isibaki hewani, tuutazame mji mmoja ulio mbali na reli na mbali na pwani: Mugumu, makao ya wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Hapa ni nchi ya Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye. Muziki wa asili wa Wakurya una chombo chake kikuu, litungu, lenye nyuzi nane na mlio mzito ambao mtu aliyeusikia mara moja hausahau. Mpiga litungu ni mtunzi kamili: husifu, hukemea, husimulia, na jina lake linajulikana. Kwa hiyo wazo la mtu mmoja anayeimba huku akijijibu kwa nyuzi halikuwa geni Mugumu hata kidogo. Kilichokuwa kigeni ni umeme, lugha, na mtu mwenyewe kutokuwapo.

Mwaka 1974 operesheni ya vijiji iliwahamisha watu wengi wa mkoa wa Mara kutoka katika miji yao iliyotawanyika na kuwakusanya pamoja. Miaka hiyo hiyo ilikuwa ya kampeni za elimu ya watu wazima, na mitihani ya kisomo ya 1975 ilifanyika nchi nzima. Kijiji cha ujamaa kilileta pamoja shule, duka na redio. Wanafunzi wa isimujamii wamekwisha kueleza vya kutosha jinsi shule na chama vilivyokieneza Kiswahili katika sehemu ambazo hazikuwa za Waswahili. Mchango wa dansi haujachunguzwa kwa kiwango hicho. Hata hivyo ni wazi kwamba kitabu cha kisomo kilimfundisha mtu mzima kutaja mbolea, zahanati na kura, lakini hakikumfundisha namna ya kubembeleza, kulalamika, kutubu wala kumsuta rafiki msaliti. Kiswahili cha mambo hayo ya moyoni, kwa mtu wa Mugumu ambaye nyumbani alisema Kikurya au Kingoreme, kilipita kwa kiasi kikubwa katika nyimbo. Hapo unyofu wa Mbaraka tuliokwisha kuutaja unaonekana kwa sura nyingine.

Mugumu unatufundisha jambo la pili, nalo ni la mpaka. Kutoka huko, Nairobi iko karibu zaidi kuliko Dar es Salaam, na Wakurya wenyewe wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Sirari. Santuri za nyimbo za Kitanzania zilichapwa Kenya. Hivyo wimbo wa bendi ya Morogoro uliokuwa katika santuri ulikwisha kuvuka mpaka mara mbili kabla ya kumfikia mnunuzi wa Mara, mara moja ukiwa katika utepe na mara ya pili ukiwa bidhaa. Tuliyoyazoea kuyaita muziki wa Tanzania yalikuwa, kwa njia ya kibiashara, kazi ya nchi mbili.

6.0 Nairobi, Mombasa na mpaka uliofungwa

Kwa mwanamuziki asiye na shirika la kumlipa, Kenya ilikuwa na mambo mawili ambayo Tanzania haikuwa nayo: kampuni za santuri na mashabiki wenye fedha za kuzinunua. Mbaraka hakuwa wa kwanza kuliona hilo. Ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walikuwa wametoka Tanga na kwenda kukaa Kenya, ambako Simba Wanyika ikawa bendi ya Wakenya wenyewe. Mwaka 1978 baadhi ya wanabendi walijitoa humo na kuunda Les Wanyika, na ulinganisho na Super Volcano unafaa hapa. Walioondoka Simba Wanyika walikuwa kundi, na jina walilolichukua lilikuwa kipande cha jina la zamani, hivyo mashabiki waliweza kuwatambua kama tawi la mti ule ule. Mbaraka hakubakiza hata silabi moja ya Morogoro katika jina la bendi yake.

Nyimbo za Super Volcano zilitolewa na Polygram ya Nairobi. Kampuni ilitaka kitu kinachouzika, na kilichouzika kilikuwa jina la mtu. Hivyo, kidogo kidogo, jambo ambalo mazingira ya Tanzania yalilizuia likatimizwa na biashara ya Kenya: Mbaraka akawa msanii binafsi. Bendi ilikuwapo nyuma yake na ilitajwa, lakini mnunuzi aliomba santuri ya Mbaraka.

Kisha siasa ikaingia. Mwezi Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Athari zake kwa wafanyabiashara, shirika la ndege, reli na utalii zimeandikwa sana. Athari kwa wanamuziki hazikuandikwa, labda kwa sababu zilionekana ndogo. Lakini kwa mtu ambaye hadhira yake ya moyoni iko upande mmoja na kiwanda cha santuri zake kiko upande wa pili, kufungwa kwa mpaka kulikuwa ni kukatwa mahali penyewe pa uhai. Bendi ya shirika la umma ilipoteza kidogo tu, kwa kuwa mshahara uliendelea. Bendi ya mtu binafsi ililazimika kuchagua upande. Mwishoni mwa maisha yake Mbaraka alikuwa akifanya kazi Kenya, akiimba kwa Kiswahili kile kile juu ya mambo yale yale, kwa watu ambao hawakuwa na habari na bendi yake ya kwanza.

Wimbo Shida ni wa kipindi hiki. Ndio uliolibeba jina lake kwa nguvu kuliko wimbo mwingine wowote, na kwa Wakenya wengi ndio Mbaraka mwenyewe. Kuna haja ya kuusikiliza tukijua ulivyotoka: ni kazi ya mtu aliyekwisha kuimba Osaka kwa niaba ya taifa, aliyekwisha kuwaombolezea viongozi, na ambaye sasa mada yake ni taabu ya mtu mmoja asiye na wa kumtegemea. Baadhi ya wahakiki wa mrengo wa kijamaa waliuona mwelekeo wa namna hii katika muziki wa dansi kuwa ni kurudi nyuma, yaani kutoka katika mapambano ya umma na kuingia katika vilio vya binafsi. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Mwisho wa miaka ya 1970 shida haikuwa jambo la mtu mmoja. Ukame wa 1973 na 1974, kupanda kwa bei ya mafuta, na upungufu wa bidhaa madukani vililifanya neno hilo kuwa la kila siku katika nchi zote mbili. Aliyelitamka kwa nafsi ya kwanza umoja aliwasemea wengi bila kudai kwamba anawawakilisha.

7.0 Januari 1979 na baada yake

Mbaraka alifariki Mombasa akiwa na miaka thelathini na minne. Kilikuwa kipindi kibaya cha kufa kwa mtu aliyetaka kukumbukwa na nchi yake. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na mwezi huo wa Januari taifa zima lilikuwa vitani. Redio ilijaa matangazo ya vita. Katika mkoa wa Mara, ambao kwa miaka mingi umetoa askari wengi, familia zilisikiliza redio kwa sababu nyingine kabisa. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Kifo cha mwanamuziki, kilichotokea ng'ambo ya mpaka uliofungwa, kilipita katikati ya mambo hayo.

Super Volcano haikudumu baada yake, na hapa tunaona upande wa pili wa uamuzi wa 1973. Cuban Marimba ilimzika Salum Abdallah na ikaendelea, kwa kuwa ilikuwa imekua hata kumzidi mtu mmoja. Morogoro Jazz nayo iliendelea bila Mbaraka. Lakini bendi iliyojengwa juu ya jina la mtu haina pa kushikilia mtu huyo akiondoka. Tukitumia lugha ya wanafasihi, bendi ya mji ni kama utendi ambao mganaji mwingine anaweza kuupokea, ilhali bendi ya mtu ni kama shairi lenye jina la mtunzi katika kituo chake. Nani angeliimba, na kwa jina la nani?

Kilichodumu ni santuri na kanda. Mfululizo uliotolewa Kenya kwa jina la Ukumbusho ulizikusanya nyimbo zake na kuzisambaza kwa kizazi ambacho hakikumwona jukwaani. Wasikilizaji wa leo huzitaja zote kuwa nyimbo za Mbaraka, za Morogoro Jazz na za Super Volcano pamoja. Kwa hiyo jina lake lilirudi nyuma na kuzichukua hata zile nyimbo za bendi aliyoiacha. Swali tulilouliza mwanzoni, kama nyimbo ni za mtunzi au za bendi, masikio ya watu yamekwisha kulijibu, ingawa jibu hilo linawadhulumu wapigaji wenzake wa kabla ya 1973, ambao vidole vyao vimo katika kila mlio tunaousifu.

Sheria ilijibu kwa kuchelewa. Tanzania ilipata sheria mpya ya hakimiliki na hakishiriki mwaka 1999, miaka ishirini baada ya kifo cha Mbaraka, na Kenya ikapata yake mwaka 2001. Sheria zote mbili zilipotungwa zilimpa mtunzi ulinzi wa maisha yake na miaka hamsini baada ya kifo, maana yake ni kwamba tungo za Mbaraka zinafikia ukomo huo mwaka 2029. Kwa sauti iliyorekodiwa, sheria ya Kenya iliweka miaka hamsini tangu kurekodiwa. Hivyo rekodi za mwanzo za Super Volcano, za mwaka 1973, zimekwisha kufikisha muda wake, na za miaka iliyofuata zinafikisha mmoja baada ya mwingine, huku tungo zilizomo ndani yake zikiwa bado zina mwenyewe.